Kidole Kisichopiga

Kwa miaka minne nilicharaza gita kwa piki, kile kibao kidogo cha kupigia nyuzi, na kwa miaka hiyo yote sikuupa mkono wangu wa kulia heshima yoyote. Niliamini, kama wanavyoamini wengi wanaoanza, kwamba kazi ya gita iko kushoto: huko ndiko kodi, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, zinakoshikwa, ndiko vidole vinakoota sugu, na ndiko macho ya watazamaji yanakoelekea. Siku nilipoiweka piki kando ili nijifunze kupiga kwa vidole, kodi zilezile nilizozijua kama jina langu zilitoka vipande vipande, uzi mmoja ukipiga ukelele, wa pili ukinong'ona, na wa tatu usisikike kabisa, ilhali mkono wa kushoto haukuwa umebadilisha chochote. Hapo ndipo nilipokubali kwamba kushoto huamua noti ipi itoke, lakini ni kulia kunakoamua itoke lini, kwa nguvu gani, kwa rangi gani, na inyamaze wakati gani.

Nikafanya anachofanya mtu asiye na mwalimu: nilitafuta mifumo ya vidole, nikaikariri, nikairudia kwa kasi iliyozidi uwezo wangu. Kwa wasioujua mwandiko wake, vidole vya kulia huandikwa kwa herufi zitokanazo na majina yake ya Kihispania: p ni kidole gumba, i ni cha shahada, m ni cha kati, na a ni cha pete. Kidole cha mwisho hakimo katika orodha hiyo, kwa kuwa katika upigaji wa kawaida hakipewi uzi wowote. Mpangilio wa msingi ni kwamba gumba hulinda nyuzi tatu nene, yaani wa sita, wa tano na wa nne, halafu i hukaa kwenye uzi wa tatu, m kwenye wa pili, na a kwenye wa kwanza ambao ndio mwembamba kuliko zote. Mfumo wa p-i-m-a-m-i huusoma mara moja ukauelewa. Kuupiga sawasawa kwa dakika mbili bila mkono kukakamaa ni jambo jingine, na mimi ilinichukua sehemu kubwa ya mwaka kulikaribia.

Kizingiti changu kilikuwa na namba kabisa. Metronomu, kifaa kinachohesabu mapigo, ikiwa kwenye mapigo 84 kwa dakika, nikipiga noti nne kwa kila pigo, nilikuwa salama. Ikifika 88 mkono uligeuka ubao. Niliongeza saa za mazoezi na ubao ukawa mgumu zaidi. Jioni moja niliegemeza simu kwenye rundo la vitabu, kamera ikilitazama tundu la sauti, nikajirekodi, kisha nikaitazama video ile kwa mwendo wa pole. Nilitarajia kuona vidole vinavyokosea nyuzi. Nilichoona ni kwamba kila mara kidole cha pete kilipovuta uzi wa kwanza, kidole cha mwisho, ambacho hakikuwa na kazi yoyote pale, kiliruka juu na kusimama wima kama mkia wa ngiri anayekimbia. Tena si hicho tu. Kidole cha shahada, baada ya kumaliza noti yake, kilibaki hewani kimekaza, mbali kabisa na uzi wake, na zamu yake ilipofika kikalazimika kurudi mbio kama mtu aliyeachwa na basi. Vidole vilivyokuwa vinapiga havikuwa na kosa kubwa. Vilivyokuwa vinaharibu kazi ni vile vilivyokuwa mapumzikoni.

Tangu jioni ile nimekitumikia kidole kisichopiga kuliko kinachopiga, na karibu kila nilichojifunza baadaye kuhusu mkono wa kulia kimekuja kwa mlango huo.

Kabla ya kuendelea, inafaa kujua mwili unaruhusu nini. Weka kiganja juu ya meza, kikunje kidole cha kati kiingie chini ya kiganja, viache vingine vimenyooka, kisha jaribu kuviinua kimoja kimoja. Gumba, cha shahada na cha mwisho vitainuka bila taabu; cha pete kitakaa kana kwamba kimegandishwa na gundi. Kano zinazonyoosha vidole zimeungana nyuma ya kiganja, na ile ya kidole cha pete imefungamana na za majirani zake, kwa hiyo jirani akishikiliwa, nacho kimeshikiliwa. Isitoshe, misuli mikuu inayokunja vidole haiko vidoleni bali katika mkono wenyewe, kati ya kiwiko na kifundo, ndiyo maana mpigaji aliyezidisha mazoezi hulalamikia sehemu hiyo badala ya vidole. Wale wanaomwambia mwanafunzi avitenganishe vidole vyake kabisa wanaomba kitu ambacho mwili haukuumbiwa. Mimi mwenyewe nilipoteza wiki kadhaa nikijaribu kukizuia kidole cha mwisho kisitikisike, hata nikakifunga utepe kwa kidole cha pete, na nilichopata ni mkazo mwingine juu ya ule wa kwanza. Kidole hicho hakitakiwi kutulia. Kinatakiwa kuandamana na cha pete, kiingie nacho na kitoke nacho, kama mtoto aliyeshika pindo la nguo ya mama yake. Nilipokiruhusu hivyo, wima ule ulitoweka wenyewe katika muda wa siku chache.

Tatizo la kidole cha shahada lilikuwa gumu zaidi, kwa sababu lilihusu wakati ambao masikio hayausikii. Noti moja ya kidole ina hatua nne. Kwanza kidole kinautega uzi, yaani kinaugusa pale nyama ya ncha na ukucha zinapokutana, na kinatulia. Pili kinausukuma kidogo kuelekea ndani ya sanduku la gita, kwa kuwa uzi uliosukumwa kuelekea ubao wa mbele hutoa sauti nene kuliko uliovutwa kuelekea nje. Tatu kinauachia. Nne kinalegea. Hatua tatu za kwanza nilikuwa nazo, ingawa kwa kubahatisha. Ya nne sikuwa nayo kabisa, kwa maana baada ya kuuachia uzi kidole changu kiliendelea kujikunja kwa nguvu ileile, na hapo ndipo kilipotakiwa kurudi kikiwa bado kimebeba mzigo wa noti iliyopita. Nilikuwa nikidhani kwamba kidole hurudishwa. Kidole kilicholegea hurudi chenyewe, kama tawi ulilolivuta kisha ukaliachia, na kazi ya mpigaji ni kutokiwekea kizuizi njiani.

Zoezi lililonisaidia ni la aibu kwa wepesi wake. Nyuzi ziwe wazi, bila kubanwa na mkono wa kushoto, metronomu iwe kwenye 40, na kila noti ichukue mapigo mawili. Kwa kuwa mkono wa kushoto hauna kazi, uushike nao mkono wa kulia chini kidogo ya kiwiko, pale kwenye mnofu. Ukivuta uzi utausikia msuli ukijikaza chini ya vidole vyako vya kushoto, na hilo ni sawa. Swali ni kama unalainika kabla ya noti inayofuata. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo msuli wangu haukulainika hata mara moja katika noti ishirini. Nikaamua kwamba sitapiga noti ya pili mpaka ya kwanza imeondoka mkononi, hata kama metronomu itanipita, na ikanipita kweli kwa siku nyingi. Nilikuwa nimezoea kuihesabu kasi kwa namna kidole kinavyokwenda; kumbe nusu ya kasi imo katika namna kinavyoacha kwenda.

Kuhusu umbo la mkono nitasema machache, maana hili limeandikwa sana na mikono haifanani. Mwendo wa kidole uanze kwenye kifundo kikubwa, kile kinachokiunganisha na kiganja, si kwenye viungo vya mbele pekee. Anayevuta kwa viungo vya mbele huzikwaruza nyuzi kama kuku anayetafuta mchwa, na kiganja kinarukaruka kwa kila noti. Kifundo cha mkono kikae karibu na kunyooka, kwa sababu kano zinazopita hapo husuguana zaidi kikipindwa sana. Gumba likae mbele ya vidole, upande wa shingo ya gita, ili likishuka lipishane na kidole cha shahada badala ya kugongana nacho ndani ya kiganja. Ukiutazama mkono kutoka juu, gumba na shahada viwe kama vijiti viwili vilivyopishana. Hayo yakiwa sawa, mengine yafuate maumbile yako.

Vitabu vya mazoezi vipo vya kutosha, na kile ninachokirudia ni cha zamani kuliko vyote nilivyo navyo. Mauro Giuliani, Mwitaliano aliyekuwa akiishi Vienna, alitoa mwaka 1812 mkusanyo wa mazoezi 120 ya mkono wa kulia, na ujanja wake ni kwamba mazoezi yote hayo yamejengwa juu ya kodi mbili tu, ya Do na ya Sol ya saba. Mkono wa kushoto unashika, unabadilisha, unashika tena, mpaka akili inaacha kuufikiria, na umakini wote unahamia kulia. Wapo wanaoyaona yanachosha. Mimi nayaona kama kufagia ua: hakuna anayesifiwa kwa kufagia, lakini kila ajaye anaona pasipofagiliwa. Ushauri wangu ni kutoyapiga kwa mfuatano wa namba kama mtu anayekimbilia mwisho. Nilichukua mawili, nikakaa nayo mwezi mzima.

Ni katika mazoezi hayo nilipoelewa kwamba kutega nako kuna namna mbili. Mfumo unapopanda, yaani p-i-m-a, gumba linapovuta besi vidole vitatu vinaweza kutua kwa pamoja kwenye nyuzi zao, kisha vikaondoka kimoja kimoja. Mkono unakuwa umetia nanga, na kila kidole kinajua kilipo kabla ya zamu yake. Mfumo unaposhuka, yaani a-m-i, huwezi kuvitega vyote bila kuzizima nyuzi ambazo bado zinalia, hivyo kila kidole kinategwa pale jirani yake anapopiga: a inapovuta, m inatua, m inapovuta, i inatua. Katika p-i-m-a-m-i namna zote mbili zinakutana, na sekunde ya mkutano huo ndiyo iliyokuwa ikinivunja kwenye 88. Kidole changu cha kati, kilichokuwa kimeshapiga mara moja, kilitakiwa kurudi na kutua wakati wa noti ya kidole cha pete, na kilikuwa kinachelewa kwa sababu hakikuwa kimelegea. Tahadhari moja: kutega ni kwa mazoezi ya polepole zaidi kuliko kwa jukwaa, kwa sababu uzi uliotegwa mapema mno hunyamaza mapema mno, na arpejio, yaani kodi inayopigwa noti moja moja, badala ya kutiririka inakatikakatika.

Kwenye melodi ya uzi mmoja mmoja sheria ni kupokezana, i-m-i-m, bila kidole kimoja kupiga mara mbili mfululizo. Sheria hiyo ni rahisi mpaka melodi ihame uzi. Ukitoka uzi wa tatu kwenda wa pili, mkono unapenda i iwe imepiga wa tatu na m ipige wa pili, kwani ndivyo vidole vilivyopangika. Zamu zikigeuka, m inabaki nyuma kwenye uzi mnene na i inalazimika kuivuka kama mtu anayeruka kiti cha mwenzake. Kuna wanaosema uzoee pande zote, na nimezoea kiasi, lakini siku hizi kabla ya kujifunza kipande huwa naandika herufi za vidole kwa penseli palipo na kuhama uzi. Dakika kumi za penseli hunipunguzia wiki moja ya kukwama.

Gumba linastahili maneno yake lenyewe, kwa kuwa katika upigaji wa besi inayopokezana ndilo ngoma nzima. Shika kodi ya Do, gumba lipige uzi wa tano, wa nne, wa sita, wa nne, pigo kwa pigo, bila kutetereka. Mkono wa kushoto usogeze kidole cha pete kwenda uzi wa sita kila unapohitajika. Usiongeze kidole kingine chochote mpaka uweze kuzungumza na mtu huku gumba likiendelea. Kisha ongeza m kwenye uzi wa kwanza, pamoja na besi ya kwanza, kama unabana kitu. Hilo ni jepesi. Halafu isogeze noti hiyo ianguke katikati ya besi ya kwanza na ya pili. Hapo gumba la karibu kila mtu huyumba, kwa sababu linataka kumfuata mwenzake. Nilizungumza na dada yangu kwa simu mazoezi mengi nikiwa katika hatua hiyo, naye akaniuliza mara moja kwa nini sentensi zangu zina mapigo manne.

Wapo waliofika mbali kwa vidole viwili tu. Mwenda Jean Bosco wa Katanga, huko Kongo, mwimbaji wa Kiswahili ambaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952, alitumia gumba na kidole cha shahada, na ukimsikiliza bila kumwona ni vigumu kuamini kwamba hakuna gita la pili. Merle Travis wa Kentucky naye alipiga kwa gumba na shahada, kiasi kwamba mtindo wote wa besi inayopokezana huitwa kwa jina lake huko Marekani. Nawataja kwa sababu mwanafunzi hudhani kwamba vidole vingi ndio ufundi. Kidole cha shahada cha watu hao kilikuwa na muda mfupi sana wa kuhama kutoka uzi wa tatu hadi wa kwanza, na kidole kilichokaza hakiwezi safari hiyo.

Kuna kazi nyingine ya kidole kisichopiga ambayo niliichelewesha kwa miaka, nayo ni kunyamazisha. Ukipiga besi ya La kwa uzi wa tano ukiwa wazi, kisha kodi ikabadilika na gumba likahamia uzi wa sita kupiga Mi, uzi wa tano hauachi kulia kwa heshima ya kodi mpya. Unaendelea, na besi mbili zinakokotana chini ya melodi kama mazungumzo ya chumba cha pili. Piki haikunifundisha kulisikia hilo, kwa kuwa kelele ilikuwa nyingi. Sasa gumba likishapiga uzi wa sita linaugusa wa tano kwa ubavu wake na kuuzima, jambo linalochukua muda mfupi kuliko kulisimulia, lakini lilinigharimu miezi. Jirekodi ukipiga mabadiliko ya kodi polepole kwenye nyuzi wazi, sikiliza besi peke yake, na huenda usiifurahie saa yako iliyobaki.

Kucha ni mjadala wa karne mbili. Fernando Sor alipiga kwa nyama ya vidole bila kucha, Dionisio Aguado alipiga kwa kucha, na Wahispania hao wawili walikuwa marafiki waliopiga pamoja Paris. Francisco Tárrega, aliyefariki mwaka 1909, aliziacha kucha katika miaka yake ya mwisho. Wengi leo hukaa katikati: nyama huupokea uzi, ukucha huuachia. Mimi nilikuwa mtu wa kucha ndefu mpaka ukucha wa kidole cha pete ulipovunjika kwenye mlango wa gari, siku moja kabla ya kupiga mbele ya watu. Nilizipunguza zote usiku huo zilingane na ule uliovunjika, nikazilainisha kwa msasa mwembamba kabisa, na kesho yake nikagundua kwamba mkono ulikuwa mwepesi zaidi, kwani ukucha mrefu hukwama kwenye uzi na kukilazimisha kidole kuvuta zaidi ya kinavyohitaji. Tangu hapo kucha zangu huchungulia tu juu ya nyama, kiasi cha milimita moja.

Kinachonishughulisha zaidi siku hizi ni uzito wa kila kidole. Melodi mara nyingi hukaa kwenye uzi wa kwanza, na uzi wa kwanza ni wa kidole cha pete, yaani kidole dhaifu kuliko vyote vinavyopiga ndicho kinachotakiwa kuimba, huku gumba, lenye nguvu za punda, likitakiwa kusindikiza kwa sauti ya chini. Hapa nguvu haisaidii. Nachukua p-i-m-a na kuizungusha mara nane nikikaza noti ya a pekee, kisha mara nane nikikaza ya m, halafu i, halafu p, nikihakikisha kwamba tatu zilizobaki zinashuka badala ya moja kupanda. Kuzishusha hizo tatu ni kuvilegeza vidole vitatu kwa wakati mmoja, na hicho ndicho kipimo kikali zaidi ninachokijua.

Jambo la maumivu nisiliruke. Uchovu wa msuli huisha ukipumzika dakika chache. Uchungu unaochoma kwenye kifundo au kwenye mkono na kubaki mpaka asubuhi si wa kuvumilia, na niliyeuvumilia nililazimika kuacha gita wiki tatu. Vipindi vinne vya dakika kumi na tano vimenifaa kuliko saa moja isiyokatika.

Kizingiti cha 88 nilikivuka bila kukiona. Nilikuwa nimeacha kukikimbilia, nikawa kwenye 72 kwa majuma, nikiushika mkono wangu wa kulia na kusubiri ulainike, na siku moja niliipandisha metronomu kwa udadisi nikajikuta kwenye 96. Sasa nimo kwenye tremolo, p-a-m-i, ambapo vidole vitatu hurudia uzi mmoja na gumba likiimba chini yake. Juzi niliiegemeza tena simu kwenye vitabu vilevile. Kidole cha mwisho kimetulia, kinaandamana na jirani yake kama nilivyokizoesha. Cha shahada kinarudi mapema. Gumba ndilo, likishamaliza noti yake, linabaki limenyooka hewani likitetemeka kidogo mpaka duru inayofuata. Nimeiweka metronomu kwenye 40.